Kisu Kwanza, Risiti Baadaye!

Ndugu msomaji, kijana mwenzangu unayelisoma gazeti hili ukiwa umekaa juu ya pikipiki kijiweni unasubiri abiria, au umening'inia mlangoni mwa daladala, juma hili naomba tuyaweke kando majina ya wagombea. Tuzungumze juu ya mguu wako. Ndiyo, huo huo unaokanyagia gia.

Uko ugonjwa ambao vijiweni tunauita "ugonjwa wa kula nyama". Ukitajwa, mmoja anacheka, mwingine anatema mate chini, na hakosi wa tatu wa kusema kwamba hayo mambo ni ya kutumiwa, mtu kachezewa. Porojo! Ugonjwa huu umeandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Una chanzo, una dalili, una tiba. Ila una tabia moja mbaya: hauhesabu siku, unahesabu saa. Na katika nchi hii kitu ambacho kabwela hana kabisa, kuliko hata fedha, ni saa. Saa zake zinaliwa na foleni.

Tuseme ni wewe. Jumamosi jioni umecheza mpira wa mchangani, umeanguka, umechubuka goti kwenye changarawe. Umeosha kwa maji ya bomba, mambo yamekwisha. Jumapili usiku unaamka, mguu unauma. Unawasha taa, unautazama mchubuko: ni ule ule, mdogo, hauna hata usaha. Lakini maumivu unayoyasikia ni ya mtu aliyevunjika mfupa. Jumatatu asubuhi unachechemea mpaka duka la dawa. Unauziwa vidonge vinne vya rangi mbili, kwa sababu fedha uliyonayo inatosha vinne. Vitatu unameza, kimoja unakifungua na unga wake unaunyunyizia kidondani, kama tulivyofundishana mitaani. Unaongezewa na kidonge cha maumivu. Jioni shangazi anakukanda kwa maji ya moto na chumvi. Usiku unatetemeka, unaweweseka, unaita majina ya watu ambao hawamo chumbani. Jumanne alfajiri mwenzako anakupakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Zahanati inakuandikia rufaa. Hospitali unaambiwa ukate kadi, ulipie kipimo cha damu, ulipie picha, urudi na majibu, daktari wa upasuaji yuko kwenye kikao. Jua linazama. Hesabu mwenyewe tangu ulipowasha taa Jumapili usiku: zimepita saa zaidi ya 40, na bado hakuna aliyekugusa kwa kisu.

Kwa nini nasema kisu? Nifuate taratibu.

Bakteria anayeleta balaa hili mara nyingi si mgeni wala hakutumwa na mtu. Ni streptokoka wa kundi A, yule yule anayewapa watoto homa na maumivu ya koo. Mara nyingine ni bakteria wa aina nyingi waliochanganyika, wa kwenye ngozi na wa tumboni, hasa kwa mwenye kisukari au mwenye jeraha karibu na njia ya haja kubwa. Anapata upenyo wa kuingia: mchubuko, jipu lililokamuliwa kwa kucha, jino la panya, sindano, hata kidonda cha upasuaji. Wakati mwingine upenyo wenyewe hauonekani kabisa. Akishaingia anashuka chini ya ngozi. Umewahi kusimama buchani ukaona ule utando mweupe, mgumu, unaofunika mnofu, ambao muuza nyama akipitisha kisu unaachia? Na wewe unao. Njia yake ni hiyo. Anateleza juu ya utando huo kama gari kwenye lami mpya, na katika hali mbaya kabisa eneo linaloharibika huongezeka kwa sentimita mbili hadi tatu kwa saa. Juu, ngozi bado nzima. Chini, nyumba inaungua.

Wala hali nyama, kusema kweli. Jina hilo ni la kwetu sisi watu wa magazeti. Mwaka 1994 magazeti ya udaku ya Uingereza yaliuza nakala kweli kweli kwa jina hilo, baada ya wagonjwa kadhaa kupatikana katika eneo la Gloucestershire. Anachofanya bakteria ni kumwaga sumu. Sumu inaua nyama na kuigandisha damu ndani ya mishipa midogo. Sasa tumia akili yako: dawa uliyomeza, au hata uliyotundikiwa kwenye dripu, inasafiri kwa damu. Pale ambapo damu haipiti, dawa itafika kwa miguu? Nyama iliyokufa inabaki kuwa ghala la bakteria, na hakuna kidonge duniani kinachoingia humo. Lazima ikatwe, itolewe, mpaka mpasuaji afike kwenye nyama inayotoka damu.

Hili halihitaji mitambo ya ajabu. Mwaka 1924 daktari mmoja Mmarekani, Meleney, akiwa Peking huko China, aliandika habari za wagonjwa 20 wa ugonjwa huu. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Fleming aliigundua mwaka 1928. Meleney alikuwa na kisu, akakitumia mapema, akapasua kwa upana, na wengi wa wagonjwa wake walipona. Miaka mia moja imepita. Leo tunazo antibiotiki za nguvu zinazopitishwa mshipani: kwa streptokoka huyu, penisilini pamoja na klindamaisini, ambayo kazi yake hasa ni kumzuia bakteria asitengeneze ile sumu. Mpaka ajulikane ni bakteria gani, huongezwa dawa zinazopiga aina nyingi kwa pamoja. Kuna dripu ya kuinua shinikizo la damu, kuna sindano ya pepopunda, kuna kushusha sukari kwa mwenye kisukari. Yote hayo yanakwenda pamoja na kisu. Na kisu chenyewe si cha mara moja: mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji ndani ya siku moja hivi, kidonda kifunguliwe na kukaguliwa, kilichokufa tena kikatwe tena, mpaka pabaki pekundu patupu. Baadaye ndipo hupandikizwa ngozi. Hata kwa tiba hiyo yote, hufa wagonjwa kama 20 hadi 30 katika kila 100. Bila upasuaji, kupona ni bahati ya mwezi kupatwa.

Sasa dalili, na hapa naomba usome polepole, ikibidi umsomee na jirani.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni maumivu yasiyolingana na kidonda. Kidonda cha shilingi, maumivu ya milioni. Jipu la kawaida linauma pale lilipo. Huyu anauma mbali, nje ya mpaka wa uvimbe, na ukibonyeza kidogo unaruka. Ya pili ni mwendo. Donda ndugu unalolijua hukaa majuma na miezi. Huyu, ukimtazama saa sita mchana na ukamtazama tena saa kumi, amehama. Chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe, andika na saa pembeni, juu ya ngozi hapo hapo. Uvimbe ukivuka mstari, acha kila kitu.

Vitabu vingi vya uganga wa kizungu vinasema ngozi huwa nyekundu. Nyekundu kwa nani? Sisi weusi wekundu huo unaweza usionekane hata kidogo, na kijana anarudishwa nyumbani kwa sababu "hakuna wekundu". Kwetu tazama mng'ao, ngozi iliyovutika kama ngozi ya ngoma. Shika: pana joto, pagumu kama ubao. Baadaye rangi inageuka kuwa zambarau, kijivu au nyeusi tititi, yanatoka malengelenge yenye maji ya rangi ya damu, na wakati mwingine ukibonyeza unasikia mchakacho chini ya ngozi, kama kuna karatasi ya nailoni: hiyo ni hewa ya bakteria. Huku mwili mzima unachafuka. Homa, moyo unakwenda mbio, kutapika, mkojo kupungua, maneno kutoeleweka. Usisubiri ufike huko.

Na ipo dalili moja ya hila ambayo imewazika wengi. Siku ya pili au ya tatu maumivu yanapungua. Mguu unakufa ganzi. Nyumbani wanasema alhamdulillahi, dawa imefanya kazi, mleteeni uji. Mishipa ya fahamu imekufa, ndiyo maana hausikii! Kama uvimbe uko pale pale, rangi imegeuka, na maumivu yametoweka ghafla, ni hatari kuliko jana. Na hivi vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, tunavyokula kama karanga, vinaweza kushusha homa na kuficha maumivu ukajiona umepona huku mambo yanaendelea chini kwa chini.

Kwa haki, si kila jipu ni balaa hili. Mengi hupona, na daktari asiyeutambua siku ya kwanza si lazima awe mzembe. Huko Singapore, nchi tajiri, yenye hospitali ambazo vigogo wetu wangeziota, madaktari walichapisha mwaka 2003 habari za wagonjwa wao 89. Unajua ni wangapi walitambuliwa siku ile ile walipolazwa? 13. Kumi na watatu tu! Na waligundua kwamba kilichoongeza vifo ni upasuaji kucheleweshwa kupita saa 24. Basi kama Singapore wanateleza, daktari wetu mmoja wa zamu mwenye wagonjwa hamsini mlangoni utamlaumu nini? Msaidie. Mwambie ilianza saa ngapi, mwonyeshe mstari wa kalamu, mwambie maumivu yamezidi kidonda. Kama ana wasiwasi, jibu halimo kwenye picha wala kwenye karatasi ya maabara. Mkato mdogo mpaka kwenye utando unatosha. Mpasuaji akikuta utando wa kijivu, majimaji machafu kama ya kuoshea vyombo, na kidole kinapita bila kizuizi mahali ambapo palitakiwa kushikana, amepata jibu na ameshaianza tiba.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa wachafu na masikini. Waulize Kanada. Mwishoni mwa mwaka 1994 kiongozi wa upinzani katika Bunge la nchi ile alikuwa Lucien Bouchard, mwenye umri wa miaka 55, mtu wa jimbo la Québec aliyekuwa akitaka jimbo lake lijitenge. Serikali ilimwona mwiba. Akashikwa na ugonjwa huu huu kwenye mguu wa kushoto. Alilazwa Montreal, akapasuliwa mara kadhaa kwa siku chache, mguu ukakatwa. Nchi nzima, wafuasi na mahasimu, ilishika pumzi. Mwezi Februari 1995 alirudi bungeni akiwa na mguu wa bandia na mkongojo, Oktoba ya mwaka ule akaongoza kampeni ya kura ya maoni iliyokaribia kuigawa Kanada, akashindwa kwa chupuchupu, na Januari 1996 akawa waziri mkuu wa jimbo lake. Mguu mmoja!

Ninalokuomba uliangalie hapo si ukubwa wa mtu. Sheria ya afya ya Kanada ya mwaka 1984 inazuia mgonjwa kutozwa fedha kwa tiba ya hospitali iliyomo katika bima ya umma. Kisu kilichomwokoa kiongozi wa upinzani kilikuwa kisu ambacho dereva wa teksi wa Montreal angepewa usiku ule ule, bila kuulizwa ana shilingi ngapi mfukoni. Sisi je? Mkubwa wetu akikohoa anasindikizwa uwanja wa ndege. Kabwela akioza mguu anasindikizwa dirisha la malipo.

Dirisha hilo halikuja na mvua. Tangu mwaka 1993 serikali yetu ilianza kutoza ada katika hospitali zake, ikaiita "kuchangia huduma". Neno tamu. Tuliambiwa wasio na uwezo watasamehewa, na wa dharura watahudumiwa kwanza. Nenda na ndugu yako usiku wa manane ukaitafute hiyo misamaha. Utaambiwa ofisi ya ustawi wa jamii inafunguliwa asubuhi. Bakteria hafungi ofisi saa tisa na nusu! Na kama kidonda chako kilitokana na ajali au kupigwa, jiandae kuulizwa fomu ya polisi, ile PF3, kana kwamba sajini ndiye atakayeshika kisu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Vema. Kadi ni kitu kizuri. Lakini kadi haimpigii simu mpasuaji saa nane za usiku, wala haiwashi jenereta ya chumba cha upasuaji.

Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba yetu ya mwaka 1977 inatupa haki ya kuishi katika ibara ya 14, ikaishia hapo. Neno la dharura hospitalini halimo. Wala sikudanganyi kwamba maandishi peke yake ni dawa: Oktoba 2015, Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya gari la wagonjwa saa 18 akizungushwa hospitali hadi hospitali kutafuta kitanda, akafa, huku ibara ya 43 ikiwa kabatini. Lakini Mkenya ana mahali pa kusimama mahakamani. Wewe utasimama wapi?

Ngoja niwageukie na wenzangu wanaume, kwa kuwa lawama zote nikizitupia serikali nitakuwa mnafiki. Mwaka 1883 daktari wa Paris, Fournier, alieleza habari za vijana watano waliokuwa na afya zao, wakashikwa ghafla na ugonjwa huu sehemu za siri, kwenye korodani na msamba. Mpaka leo ukishika hapo unaitwa kwa jina lake, na wanaoupata wengi mno ni wanaume. Msidhani ni mambo ya Paris. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2015 habari za wagonjwa 84 waliowatibu wao wenyewe.

Na kijana wetu ukimshika hapo anafanya nini? Anaficha! Anavaa suruali pana. Akivimba na kunuka, minong'ono inaanza kwamba kalala na mke wa mtu, kategwa, hilo ni tego, apelekwe kwa fundi aliyelitega akalitegue. Siku tatu zinapita kwa fundi. Ndugu yangu, korodani inayovimba kwa saa, inayouma kuliko inavyoonekana, yenye homa na ngozi inayogeuka nyeusi, haina habari ya mke wa mtu. Ivue mbele ya daktari, awe mwanamume awe dada mdogo aliyemaliza chuo jana. Aibu ya dakika tano.

Wenye kisukari nao wana lao, na siku hizi kisukari si cha wazee wa shangingi tu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, miguu inapoteza hisia. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Tunasema panya hung'ata huku akipuliza; kwa mwenye kisukari hana haja hata ya kupuliza. Kama baba yako ana sukari, kazi yako kila asubuhi ni kumtazama nyayo na katikati ya vidole.

Tena yapo ya kusaini. Mpasuaji amefika, kisu kimechemshwa, na familia inasema tusubiri baba mdogo aje kutoka Singida atoe ruhusa. Au mgonjwa mwenyewe: "Bora nife na mguu wangu." Kama una akili timamu na umri wa mtu mzima, saini ni yako, si ya baba mdogo. Na ukiwahi, mara nyingi mguu hauondoki kabisa. Kinachoondoka ni ngozi na utando. Anayeupoteza mguu wote ni mara nyingi yule aliyengoja.

Sasa kazi. Mkutano ujao wa mtaa diwani akija na hadithi za barabara, simama umwulize haya, na usikae mpaka akujibu. Katika hospitali ya wilaya yetu, usiku wa Jumapili, mpasuaji wa zamu ni nani, na akiitwa anafika baada ya dakika ngapi? Dawa ya usingizi ipo? Damu ipo? Klindamaisini ya mshipani iko stoo, au inaandikwa kwenye karatasi ukainunue nje? Mgonjwa wa dharura asiye na fedha, nani ana mamlaka ya kuandika "atibiwe, deni baadaye" pale pale usiku, na jina lake limebandikwa wapi? Akikujibu kwamba suala linashughulikiwa, mwombe tarehe, na uiandike mbele yake kwa kalamu ile ile.